HONI IKINYAMAZA: KUTAFUTA UGONJWA WA UMEME KATIKA USUKANI

Sikilizeni kwanza, kisha someni maneno haya polepole, mmoja akisoma na wengine wakifuata kwa kidole.

Leo tutazungumza juu ya usukani wa motokaa. Zamani usukani ulikuwa gurudumu la kugeuzia gari tu, pamoja na kitufe cha honi. Magari mengi ya siku hizi, hata yale yaliyotumika kwanza Japani ndipo yakaletwa kwetu, yana vitufe vingi: cha honi, cha kuongeza sauti ya redio, cha kubadili stesheni, na pengine cha kupokea simu. Humo humo katikati umekunjwa mfuko wa hewa wa kumlinda dereva.

Vyote hivi hutumia umeme. Siku kimoja kikinyamaza, dereva huambiwa, "Nunua kipya." Hununua, na ugonjwa hubaki pale pale. Fedha ya watoto imekwenda bure. Basi shikeni neno hili: usinunue kitu kabla ya kujua umeme umekatika wapi. Tazama kilichokufa, tazama na kilicho hai. Viwili hivyo vitakuonyesha mahali.

HATARI YA KUIJUA KWANZA

Gari likigonga kwa nguvu, umeme huwasha dawa iliyo kama baruti, na mfuko wa hewa hujaa upesi kuliko kupepesa jicho. Kwa dereva aliyefunga mkanda, mfuko huo huokoa maisha. Lakini ukifyatuka mbele ya mtu aliyeinama akichokoa waya, waweza kumjeruhi vibaya uso, macho na shingo.

Waya za mfuko huu mara nyingi zina rangi ya manjano. Usizipime kwa taa wala kwa mita, kwa maana umeme mdogo tu waweza kuufyatua mfuko. Kufungua usukani ni kazi ya fundi aliyejifunza. Naye kwanza huondoa waya wa betri, hungoja dakika kadhaa ili umeme uliobaki uishe, ndipo huanza kazi. Ukimwona mtu anafungua usukani na betri bado imeungwa, mzuie.

Kazi yetu sisi ni ile isiyohitaji kufungua usukani. Nayo yatosha kutuonyesha mengi.

NJIA YA UMEME

Katika magari mengi umeme wa honi hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, hufika kwenye rilei. Rilei ni swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Unapobonyeza honi, umeme mdogo wa rilei hupata njia kupitia usukani hadi bodi ya gari, na bodi huurudisha kwenye betri. Hapo rilei hulia "tik!" na umeme mkubwa huenda kwenye honi yenyewe, mbele ya gari.

Sasa fikirini. Usukani huzunguka, lakini nguzo iliyoubeba haizunguki. Waya wa kawaida ungejisokota ukakatika. Kwa hiyo umewekwa utepe mwembamba wenye njia nyingi za umeme, nao umeviringishwa ndani ya kikopo cha plastiki kama springi ya saa. Ukigeuza usukani upande mmoja utepe hukazwa. Upande wa pili hulegea. Utepe huo mmoja hubeba umeme wa honi, wa vitufe vya redio na wa mfuko wa hewa. Likumbukeni jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa somo letu.

HONI PEKE YAKE IMEKUFA

Ikiwa vitufe vya redio vinafanya kazi na honi tu haisikiki, anza na kitu rahisi.

Kwanza, tazama fyuzi ya honi. Mfuniko wa kisanduku cha fyuzi una picha au maandishi ya kuonyesha kila fyuzi ni ya nini. Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Palipoandikwa 10 usiweke 30, wala usiweke kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Ikiungua tena mara moja, huenda kuna waya unaogusa bodi. Mpe fundi kazi ya kuutafuta.

Pili, mwambie mwenzako abonyeze honi, nawe usikilize karibu na rilei, injini ikiwa imezimwa. Ukisikia "tik!", usukani ni mzima; ugonjwa mara nyingi uko mbele, kwenye waya wa honi au honi yenyewe. Usiposikia, ugonjwa waweza kuwa katika rilei, katika umeme unaoijia, au katika usukani.

Tatu, ikiwa rilei inalia, chukua taa ya kupimia. Shika mguu wake mmoja kwenye chuma kisicho na rangi, na ncha yake kwenye waya unaoleta umeme kwenye honi. Mwenzako akibonyeza na taa ikawaka, umeme umefika. Basi honi imekufa, au chuma inapofungwa kimeshika kutu. Safisha kutu kwanza, haina gharama.

VITU VINGI VIMEKUFA PAMOJA

Washa swichi ya gari. Taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi mbele ya duara huwaka kwa sekunde chache, kisha huzimika. Hiyo ni taa ya mfuko wa hewa. Ikibaki imewaka, na honi imekufa, na vitufe vya redio vimekufa, ushuhuda wote waelekea kwenye utepe. Ushuhuda mwingine ni honi inayolia usukani ukiwa upande mmoja na kunyamaza upande wa pili.

Utepe huchakaa kwa miaka. Hukatika pia fundi anapotengeneza sehemu za chini za usukani na kuurudisha bila kuweka utepe katikati yake. Dereva akikata kona kali, utepe huvutwa ukakatika.

Taa hiyo nyekundu si ya kupuuzwa. Husema kwamba siku ya ajali mfuko waweza usifunguke. Wako watu wanaoondoa taa hiyo ili gari liuzwe upesi. Ukienda kununua gari, washa swichi uitazame. Ikiwa haiwaki kabisa, uliza kwa nini.

VITUFE VYA REDIO VINAKOSEA

Katika magari mengi vitufe vya redio hutumia waya mmoja au mbili tu. Kila kitufe hupunguza umeme kwa kiasi chake, na redio hutambua kitufe kwa kupima kiasi hicho. Ndiyo sababu uchafu, jasho au chai iliyomwagika huweza kufanya kitufe cha sauti kibadili stesheni. Hapo utepe hauna lazima ya kulaumiwa. Vitufe vyenyewe ndivyo vya kusafishwa au kubadilishwa. Na kama vitufe vilikufa siku ile ulipoweka redio nyingine, ugonjwa uko kwenye redio: waya hazikuungwa, au redio haijafundishwa kutambua vitufe vya gari lako.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Dereva wa teksi ana honi iliyokufa, vitufe vya redio vilivyokufa, na taa nyekundu isiyozimika. Rafiki yake amwambia anunue honi mpya. Je, ni shauri jema? Toeni sababu.

2. Fyuzi ya 10 imeungua, na dukani iko ya 30 tu. Utafanyaje?

3. Rilei inalia "tik!" lakini honi haisikiki. Utatafuta wapi, na kwa nini hutafungua usukani?

Jibuni kwa maneno, kisha kila mmoja aandike jibu lake katika daftari. Mwenye gari, au mwenye ndugu aliye dereva, na amwombe amwonyeshe kisanduku cha fyuzi, asome maandishi yaliyo juu yake.