Macho Yameona, Mwenyewe Hana Habari

Kunja karatasi iwe kama bomba, ulishike kwenye jicho la kulia. Kisha inua kiganja cha kushoto, kikae ubavuni mwa bomba, sentimita kumi hivi kutoka usoni. Acha macho yote mawili wazi, utazame mbali. Utaona tundu katikati ya kiganja chako. Watoto huupenda mchezo huu.

Sasa jiulize: ile sehemu ya katikati ya kiganja imekwenda wapi? Mwanga wake unaingia kwenye jicho la kushoto kama kawaida, na jicho halina hitilafu. Ila ubongo umeletewa picha mbili zisizopatana mahali pamoja, ukaichukua moja na kuizima nyingine.

Maabara hutumia hila hiyohiyo kwa makali zaidi. Mwaka 2005 Naotsugu Tsuchiya na Christof Koch, huko California, walionyesha kwamba jicho moja likimulikwa vipande vya rangi vinavyobadilika mara 10 hivi kwa sekunde, picha iliyotulia mbele ya jicho la pili hufichika kwa sekunde nyingi mfululizo. Njia ya zamani zaidi ni kufunika: picha inapita kwa milisekunde 30 hivi, na papo hapo inafuatwa na nyingine inayoifuta.

Kuficha si kazi. Kazi ni kujua kama kweli kitu kimefichika. Mtu akisema "sioni", amesema nini? Sisi Waswahili tuna neno pana: tunaona njaa, tunaona ajali barabarani, tunaona heri tuondoke mapema. Mtafiti hawezi kujipa upana huo. Anayemwambia "sioni" huenda haoni kabisa, au ameona kivuli akaona aibu kukitaja.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Mwaka 1898 Boris Sidis, huko Marekani, aliwaonyesha watu kadi zenye herufi au tarakimu kutoka mbali, hata wakalalamika kwamba wanaona doa tu, au hawaoni kitu. Akawataka wabahatishe hivyohivyo. Wakapatia mara nyingi kuliko ambavyo bahati tupu ingewapa.

Kubahatisha huko ndiko kulikoleta habari ya ajabu miaka ya 1970. Mwaka 1973, London, mgonjwa anayejulikana kwa herufi D.B. alifanyiwa upasuaji wa ubongo kisogoni, upande wa kulia, kwa sababu ya mishipa ya damu yenye kasoro. Baada ya hapo vitu vyote vilivyokuwa kushoto kwake vilimpotea. Lawrence Weiskrantz na wenzake wakamwomba anyooshe kidole palipo na nukta ya mwanga, upande huohuo asioona. Akanyoosha, na kidole kikaelekea karibu na mahali penyewe. Akaulizwa mstari umesimama au umelala; akapatia. Alipoelezwa matokeo alishangaa, maana kwa upande wake alikuwa akibahatisha tu. Hali hiyo tunaweza kuiita upofu unaoona.

Mwenye shaka atasema: labda alijua, akajinyenyekeza. Ndipo Navindra Persaud na wenzake, mwaka 2007, wakaleta pesa. Mgonjwa mwingine wa hali hiyo, G.Y., alitakiwa kusema kama kitu kimetokea au la, kisha aweke dau kubwa au dogo juu ya jibu lake. Alipatia mara 70 hivi katika 100, lakini aliweka dau kubwa kwa karibu nusu tu ya majibu aliyopatia. Mtu mwenye uhakika haogopi dau.

Lakini mimi bado naona hakuna kisa kinachomfikia T.N. Alikuwa daktari, akapata kiharusi mara mbili mfululizo, na gamba la ubongo la kuonea likaharibika pande zote mbili za kisogo. Alitembea kwa fimbo. Beatrice de Gelder na wenzake walimwomba apite kwenye korido bila fimbo. Kwanza alikataa, na nani angemlaumu? Mwishowe akakubali. Mbele yake walikuwa wamepanga pipa la taka, stendi ya kamera, rundo la karatasi na maboksi, bila kumwambia. Mtafiti mmoja akamfuata nyuma ili amdake akijikwaa. Hakujikwaa. Kila alipofika kwenye kizuizi alipinda, akapita, akaendelea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba habari za macho hazipiti barabara moja. Kubwa inakwenda kisogoni. Nyingine, nyembamba na ya kale, inapitia ubongo wa kati. Chura humkamata nzi kwa njia hiyo. T.N. alibakiwa na hii ya pili.

Ubishi kama wagonjwa hawa kweli hawaoni haujaisha, na ni haki usiishe. Mwaka 2004, Thomas Ramsøy na Morten Overgaard wa Denmark waliacha kuuliza "umeona, hujaona?" wakaweka ngazi nne, kuanzia kutoona kabisa hadi kuona wazi. Baadaye mgonjwa mmoja wa upofu unaoona alipojibu kwa ngazi hizo, alipatia zaidi kadiri alivyotaja kuona kwa uwazi zaidi. Kumbe baadhi ya "sioni" zilikuwa "naona kidogo".

Uangalifu huu wafanyabiashara hawana. Mwaka 1957 James Vicary, mtu wa masoko, alitangaza kwamba alimulika kwenye skrini ya sinema huko New Jersey maneno ya kuwahimiza watu wale bisi na kunywa Coca-Cola, kwa kasi isiyoonekana, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 alikiri kwamba takwimu zake zilikuwa chache mno hata zisiwe na maana. Akikujia mtu leo akiuza ujumbe wa siri wa kukufanya tajiri au mwembamba, muulize ni nani waliobahatisha, na walipatia mara ngapi katika mia.