Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mgeni akiingia sebuleni kwetu siku hizi, kabla hajakaribishwa kiti huwa ameshasimama mbele ya tangi la kioo lililo kando ya kabati la vyombo. Ndani yake kuna mawe, mchanga mweupe, konokono, matumbawe laini yanayopepea, na samaki wawili tu. Swali la kwanza ni lile lile: "Bahari hii mmeipata wapi?" La pili, hasa kutoka kwa akina mama wenzetu, ni: "Na sisi tukitaka, tuanzie wapi?"

Makala haya ni jibu la swali hilo la pili. Lakini si haki kulijibu bila kueleza kwanza jinsi tulivyoua samaki wanne kwa siku tano.

JINSI ILIVYOANZA

Baba watoto alikuwa fundi mitambo bandarini hapa Dar es Salaam, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi na mikono yenye grisi. Kisha akapata kiharusi. Uhai alibaki nao, na kauli pia, lakini mkono wa kulia ulikuwa dhaifu na kazi ikaisha. Sisi wauguzi tunajua kumhudumia mgonjwa wa namna hii wodini. Nyumbani ni jambo lingine. Dawa alimeza. Mazoezi ya kufumba na kufumbua kiganja aliyafanya kwa kulazimishwa. Saa zilizobaki aliketi akitazama ukuta, na watoto wakazoea kupita sebuleni kwa kunyata.

Mdogo wake anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo alileta taa maalumu, pampu ndogo ya kusukuma maji na vipimo vya maji ya chumvi. "Shemeji," alisema, "kaka anahudumiwa na kila mtu. Apewe na yeye kitu kinachomtegemea."

Alipoondoka tu, tulishikwa na haraka. Fundi wa vioo alitutengenezea tangi, wavuvi wakatuletea madumu ya maji ya bahari, na Jumamosi hiyo hiyo tukanunua samaki wanne. Watoto walipiga makofi. Baba alivuta kiti chake karibu na kioo. Kufika Alhamisi samaki wote walikuwa wanaelea.

"Hata samaki nimewashindwa," alisema, akakigeuzia kiti chake ukutani tena.

Tulimpigia simu shemeji. "Mlisubiri wiki ngapi kabla ya kuweka samaki?" aliuliza. Wiki? Tulikuwa tumesubiri saa mbili. Vipimo alivyotuletea vilikuwa bado kabatini, havijafunguliwa.

KWA NINI SAMAKI WALIKUFA

Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, na amonia ni sumu. Katika bahari kubwa huchanganyika na kupotea. Katika lita tisini za maji hujikusanya. Mtu akiwa mzima, figo zake huondoa sumu mwilini kila saa bila yeye kujua. Figo za tangi ni bakteria wadogo wasioonekana, wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita au zaidi kuongezeka vya kutosha. Tangi letu jipya lilikuwa mwili usio na figo.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tunaomba kila msomaji alishike hata akisahau mengine yote: anayefuga viumbe wa baharini hufuga maji kwanza.

TANGI NA MAHALI PAKE

Watu hudhani tangi dogo sana ni rahisi zaidi. Si kweli, maji yakiwa machache huharibika upesi. Letu lina urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Likijaa maji, mawe na mchanga huzidi kilo 120, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Tulitengeneza stendi ya mbao ngumu na kuinyoosha kwa pima-maji. Liweke mbali na dirisha lenye jua, kwa sababu jua huleta joto na mwani.

Mawe tuliyapata nchi kavu: mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa kwa ajili ya ujenzi, yasiyo na saruji wala mafuta. Tulichagua kilo 12, tukayasugua kwa brashi, tukayaloweka na kuyabadilishia maji mara kadhaa. Tafadhali, usiagize mtu akakuvunjie mwamba baharini. Tumbawe ni mnyama, ingawa linaonekana kama jiwe, na mwamba hujengwa na wanyama hao kwa miaka mingi sana. Bongoyo na Mbudya, visiwa tunavyoviona kutoka ufukweni, ni maeneo tengefu yanayolindwa chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Matumbawe magumu yote pia yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa.

MAJI YENYEWE

Maji ya ufukweni mwa mji si safi. Tuliwaomba wavuvi wayachote mbali, wakati bahari imejaa, na kamwe si siku za masika, kwa kuwa mito hushusha tope na kupunguza chumvi. Tuliyachuja kwa kitambaa safi tukayahifadhi gizani katika madumu yasiyowahi kuwekwa sabuni wala mafuta. Asiye na njia hiyo anaweza kununua chumvi maalumu ya matangi na kuichanganya na maji yaliyochujwa kwa mtambo. Chumvi ya jikoni haifai.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo. Kipima-chumvi kisome karibu 1.025. Na hapa ndipo wengi hukosea: maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, inabaki. Kwa hiyo jazia maji baridi yaliyochujwa, usijazie maji ya chumvi. Sisi hujazia lita moja hadi mbili kila siku, kwa sababu ya feni.

Feni hiyo ina habari yake. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kupasha maji moto. Kwetu adui ni joto. Tulipopima mwezi Februari maji yalifika nyuzi 31, wakati tunalenga kati ya 25 na 28. Tumbawe likizidiwa na joto hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, likabaki jeupe, na hali ikiendelea hufa. Ndivyo ilivyotokea kwa miamba mingi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya pwani yetu, bahari ilipopata joto kali mwaka 1998. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu.

WIKI ZA KIOO KITUPU

Tulianza upya. Safari hii tuliweka maji, mawe, mchanga, na kipande cha sifongo kutoka tangi la siku nyingi la mfanyabiashara mmoja mwenye leseni, ili kupata mbegu ya bakteria. Kisha tukatia kipande cha kamba mbichi ndani ya soksi nyepesi. Kinapooza hutoa amonia, na amonia ndiyo chakula cha bakteria. Samaki, hapana.

Vipimo tulimkabidhi baba. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha dawa kwa kuhesabu matone, unatikisa, unalinganisha rangi. Kwa mkono mzima ni kazi ya dakika mbili. Kwa mkono wake ilichukua robo saa, na matone ya kwanza yaliangukia mezani. Binti yetu alinyoosha mkono amsaidie. "Acha," baba alisema. "Niachie." Alirudia mara tatu mpaka akapata matone matano yaliyo sawa, akaandika nambari kwenye daftari kwa herufi kubwa za kupindapinda.

Daftari hilo bado tunalo. Wiki ya pili amonia ilipanda. Wiki ya tatu nitraiti ikapanda. Wiki ya tano amonia ikasoma sifuri, na wiki ya saba nitraiti nayo. Siku hiyo alituita wote jikoni tuje kutazama kichupa cha maji ambacho hakikubadilika rangi. Majirani walikuwa wanatuuliza kwa nini tunawasha taa juu ya mawe matupu. Baba alianza kuwaeleza, na maelezo yalikuwa marefu.

WAKAZI WA TANGI

Kioo kilipopata ukungu wa kahawia hatukuogopa. Ni hatua ya kawaida na hupita. Tulitia konokono watano wala mwani. Wiki mbili baadaye wakaja samaki wawili wa jamii ile ambayo watoto huwaita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003. Wetu ni wa pwani hii hii, wa rangi ya chungwa hafifu na mstari mweupe mgongoni. Samaki hawa wote huzaliwa madume; katika jozi, mkubwa ndiye hugeuka kuwa jike, na yeye ndiye mwenye amri. Wageni wetu wa kike hulipenda sana jambo hili.

Samaki mgeni asimwagwe tu ndani. Elekeza mfuko wake juu ya maji kwa dakika 15 ili joto lilingane. Kisha mpeleke kwenye ndoo safi, umwongezee maji ya tangi kidogo kidogo. Sisi tulinunua mpira mpya wa dripu duka la dawa; hakuna chombo kizuri kuliko hicho kwa kuhesabu matone.

Mwezi uliofuata tulipata vipande vya matumbawe laini ambavyo yule mfanyabiashara huvikuza mwenyewe. Aina moja hufumba na kufumbua mikono yake midogo mchana kutwa. Baba hukaa mbele yake asubuhi na kufanya zoezi lake la kiganja, akifuata mwendo ule ule. Hatulazimishi tena.

TAHADHARI KWA NYUMBA YENYE WATOTO

Kama wauguzi, hatuwezi kunyamazia haya:

Umeme. Soketi iwe juu kuliko maji, na waya ushuke chini kisha upande kuelekea soketi, ili matone yaanguke sakafuni. Zima kila kitu kabla ya kutia mkono.

Vidonda. Usitie mkono wenye mchubuko bila glavu. Kuna bakteria wa majini, ndugu wa vijidudu vya kifua kikuu, anayeleta uvimbe mgumu usiopona mkononi. Ukiwa nao, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana asipojua huenda asifikirie.

Sumu. Baadhi ya viumbe laini wanaofanana na vifungo vya rangi, waitwao zoantidi, wana sumu kali mno iitwayo palitoksini. Usichemshe kamwe mawe yaliyotoka tangini wala kuyamwagia maji ya moto. Mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini. Sisi tuliamua kutowafuga kabisa.

Dawa ya mbu. Funika tangi na zima pampu ya hewa kabla ya kupuliza dawa, au afadhali usipulize chumba hicho. Mikono yenye sabuni, manukato au losheni isiingie majini.

Chakula. Teua mlishaji mmoja. Kiasi kinacholiwa kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, kinatosha. Mtoto wa jirani aliwahi kutupia kipande cha mkate kwa huruma, na tulibadilisha maji siku tatu mfululizo.

UMEME UKIKATIKA

Pampu ikisimama, hewa hupungua majini. Tunayo pampu ndogo ya betri. Kabla hatujaipata tulichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, mara kadhaa kila robo saa, kwa zamu. Kijana wetu wa mwisho alijifunza hesabu za zamu kwa njia hiyo.

JE, NI KWA KILA NYUMBA?

Hapana, na tunasema hivyo bila kuona haya. Kama fedha ya vipimo haipo, fedha ya samaki isitumike. Kama hakuna mtu wa kuwepo kila siku, afadhali kwenda kuangalia samaki Mbudya siku ya mapumziko kwa miwani ya kuogelea. Tangi hili linadai lita tisa za maji mapya kila wiki, na halijui sikukuu wala msiba.

Baba watoto hajapona. Mkono wake bado ni mzito, na zipo siku za ukimya. Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili tunasikia kiti kikivutwa, kisha kifuniko cha kichupa kikianguka, kisha kikiokotwa. Watoto hawanyati tena. Humwuliza, "Baba, maji yameamkaje?" naye huwajibu kwa nambari.

KWA UFUPI
Joto: nyuzi 25 hadi 28.
Chumvi: karibu 1.025.
Amonia na nitraiti: sifuri kabla ya samaki yeyote kuingia.
Taa: saa nane kwa siku.
Maji: badilisha sehemu moja ya kumi kila wiki.
Samaki: wawili tu kwa lita tisini.
Subira: wiki sita, au zaidi.