Kiyoyozi cha Nyumbani na Jinsi ya Kukipima

Katika miji ya pwani, kama vile Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, joto la majira ya kaskazi huwachosha watu mno, hasa wazee na watoto wachanga. Kwa hiyo wenye uwezo huweka kiyoyozi chumbani. Chombo hiki hununuliwa kwa fedha nyingi, na umeme wake hulipwa kila mwezi. Nacho chaweza kunguruma na kupuliza usiku kucha pasipo kupoza chochote. Mwenye nyumba asiyejua kukipima hulipa bure, tena hana la kumjibu fundi amwambiapo ya kuwa gesi imekwisha.

Atakaye kukipima yampasa kwanza kujua kinavyopoza. Tazameni mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, hufika nje na kugeuka mvuke. Nayo yakigeuka mvuke huchukua joto la mtungi, hata maji yaliyobaki ndani yakawa baridi. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya maji kina gesi iliyofungwa ndani ya mabomba membamba. Gesi hiyo hufika chumbani ikiwa majimaji, na humo hugeuka mvuke, ikichukua joto la hewa ipulizwayo na feni. Kisha huenda nje, katika kile kisanduku kikubwa kilichotundikwa ukutani, ambamo kompresa huishindilia mpaka iwe moto kuliko hewa ya nje. Hapo hutua mzigo wake wa joto, hugeuka majimaji tena, na kurudi chumbani. Basi joto haliangamizwi, lahamishwa tu.

Watu wengi huweka mkono mbele ya chombo na kusema, "Baridi ipo." Walakini mkono ni shahidi asiyeaminika. Wekeni mabakuli matatu: la kwanza lina maji ya moto yanayovumilika, la pili maji baridi, la tatu maji ya uvuguvugu. Mtoto mmoja atie mkono mmoja katika maji ya moto na wa pili katika maji baridi kwa muda wa dakika moja, kisha atie yote miwili katika uvuguvugu. Mkono mmoja utasema ni baridi na mwenziwe utasema ni moto, na maji ni yale yale! Vivyo hivyo mtu atokaye juani huona kila upepo kuwa baridi.

Kwa sababu hii yafaa kutumia kipimajoto. Milango na madirisha hufungwa, kiyoyozi huwekwa kwenye alama ya baridi na kiwango cha chini kabisa, feni ikienda kwa kasi, kisha huachwa dakika 15 au 20. Ndipo hupimwa hewa iingiayo, ambayo katika viyoyozi vingi vya ukutani hupitia juu, halafu hewa itokayo chini. Na kila mara mpimaji hungoja namba itulie. Mathalani, ikiwa hewa iingiayo ina nyuzi 29 na itokayo ina 19, tofauti ni nyuzi 10. Kwa kawaida tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni njema. Ikiwa ni 3 au 4 tu, pana dosari. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani, tofauti hupungua kidogo pasipo kosa la chombo, maana sehemu ya nguvu zake hutumika kuugeuza unyevu kuwa maji. Maji yadondokayo katika bomba la nje, ambayo wengine huyaogopa, ni dalili njema. Hata Mmarekani Willis Carrier, alipobuni mtambo wake mwaka 1902, alikusudia kwanza kupunguza unyevu katika kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York, kwa kuwa ulikuwa ukiharibu kazi ya karatasi.

Huenda tofauti ikawa njema na chumba kikabaki na joto. Hapo lawama si ya chombo. Labda paa ni la mabati wala hakuna dari, au jua la alasiri laingia dirishani, au chombo ni kidogo kuliko chumba.

Bali tofauti ikiwa ndogo, kitu cha kwanza cha kutazama ni kichujio, maana vumbi huzuia hewa kupita. Mtu mzima huzima umeme, hukitoa, hukiosha kwa maji, hukianika kivulini na kukirudisha. Kisha hutazama kisanduku cha nje kama hakikuzibwa na majani au nguo. Hewa kitoayo lazima iwe na joto kuliko hewa ya nje. Isipokuwa hivyo, huenda kompresa haifanyi kazi au gesi imepungua. Barafu ikiganda juu ya bomba, nayo ni dalili ya ugonjwa. Kukifungua kisanduku chenyewe ni kazi ya fundi peke yake, maana umeme uliomo huua.

Na gesi si kama mafuta ya taa, ambayo huwaka yakaisha. Gesi huzunguka miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu. Fundi aongezaye gesi kila mwaka bila kulitafuta tundu humla mteja wake fedha, tena huudhuru ulimwengu, kwani kilo moja ya gesi iitwayo R-410A ikivuja huongeza joto la dunia, kwa muda wa miaka 100, kama zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, yalipatana kupunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua.

Basi fundi akiisha kuziba tundu na kujaza gesi, mwenye nyumba hupima tena kwa kipimajoto kile kile kabla ya kulipa, na kuandika tarehe na tofauti aliyoipata, apate kuilinganisha na ya mwaka ujao.