Gari la mbio za dragi: ujenge au ununue?

Katika mbio za dragi magari mawili husimama sambamba, taa inawaka, na anayetangulia kuzimaliza meta 402 za lami iliyonyooka ndiye mshindi. Umbali huo ni robo maili, kipimo kilichoenezwa na Wamarekani, ambao chama chao cha mbio hizo, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951. Kijana wa mji wa Bariadi, Tanzania, anayetamani kushiriki huanza na swali la fedha: anunue gari lililokwisha kuandaliwa, au achukue gari la kawaida alijenge mwenyewe?

Kabla ya bei, tuanze na hewa. Ziwa Victoria liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila meta 100 unazopanda. Injini iliyopimwa nguvu farasi 150 Dar es Salaam, ikifika huku hubaki na 133 hivi. Turbo husukuma hewa ndani ya injini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo, ujenge au ununue, tafuta gari lenye turbo tangu kiwandani. Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution zinafaa: huendesha magurudumu yote manne, hivyo hazitelezi ovyo wakati wa kuondoka, na kwa kuwa zimetumika miaka mingi katika mbio za rali nchini, wapo mafundi wanaozifahamu.

Kujenga kuna faida zake. Unaijua kila nati, na unaweza kutumia fedha kidogo kidogo, msimu wa pamba huu hadi ujao. Lakini nguvu ikiongezeka sehemu moja, udhaifu hujitokeza kwingine. Ukiongeza presha ya turbo, klachi inaanza kuteleza. Ukiweka klachi ngumu, gia boksi inavunjika. Ukiimarisha gia boksi, zamu ni ya difu na shafti. Pampu ya mafuta na nozeli nazo zisipotosha, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, joto linapanda na pistoni inatoboka. Ndiyo maana lazima awepo fundi wa kupanga kompyuta ya injini kwa vipimo, si kwa kusikiliza mlio. Kama fundi huyo hayupo karibu nawe, kila hitilafu itakuwa safari, na gari litakaa juu ya mawe likisubiri spea. Gari lililoishia njiani huuzwa kwa bei ndogo kuliko fedha zilizomezwa.

Kununua nako kuna mitego. Ukiagiza kutoka Japani, ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18, na gari lililozidi miaka kumi huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Piga hesabu kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) wa kuthamini magari yaliyotumika kabla hujatuma fedha. Ukinunua hapa nchini, linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, pima kompresheni ya kila silinda, dai risiti za vipuri vilivyobadilishwa, na ulione gari likiondoka kwa nguvu mara kadhaa mfululizo. Muuzaji akikataa vipimo hivyo, ondoka.

Usalama haupunguzwi kwa sababu ya bajeti. Kanuni za NHRA kwa ujumla hulazimisha gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini ya hapo liwe na nguzo za chuma za kumkinga dereva gari likipinduka. Hata ukiwa na gari la polepole zaidi, anza na breki nzima, matairi mapya, mkanda madhubuti, kofia ngumu na kizimamoto.

Ushauri wangu: gari la kwanza nunua, na bei yake isizidi theluthi mbili za fedha ulizonazo; theluthi inayobaki ni ya breki, matairi, usalama na spea. Jenga la pili, ukishajifunza kuendesha na ukishampata fundi.

Na lami ya kutoka Lamadi hadi Bariadi si uwanja wa mbio. Gari la kilomita 180 kwa saa hula meta 50 kila sekunde, na hata breki zikiwa nzima huhitaji zaidi ya meta 150 kusimama. Barabara hiyo ina ng'ombe, waendesha baiskeli na watoto wanaotoka shule. Shindana mahali palipofungwa, penye ruhusa, wasimamizi na gari la wagonjwa. Kama mahali hapo hapajapatikana, gari libaki limeegeshwa.