Lori Lililochemsha Kitonga

Sogeeni karibu, wanangu, leo tunapanda Kitonga.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, halafu unafika kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni, kwenye joto kali, mibuyu na vitunguu. Mbele yake ndipo mlima wa Kitonga unaposimama. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo, nyani wamekaa kandokando ya lami, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda kwa kufuatana, polepole mno, injini zikiunguruma kwenye gia za chini.

Lori la hadithi yetu lilikuwa la zamani, injini ya dizeli isiyo na kompyuta, na lilikuwa limepakia saruji. Dereva alikuwa mtu mzima, ameizoea njia hiyo tangu ujana wake. Utingo alikuwa kijana mwepesi wa miguu na mwenye masikio makali, na hayo masikio ndiyo yatakayotusaidia.

Katikati ya mlima, ghafla, lori likaishiwa nguvu. Dereva akashusha gia, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, wapi! Halikuvuta. Moshi mweusi ukatanda nyuma. Baada ya muda mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda, ukafika kwenye nyekundu. Dereva akalisogeza pembeni na kuvuta breki ya mkono.

Utingo hakungoja kuambiwa. Mlimani kazi yake ya kwanza si injini, ni tairi. Aliruka na gogo lake, akalisukumiza nyuma ya tairi la nyuma, akalikandamiza kwa kisigino mpaka likauma. Kisha akaweka pembetatu, na nyuma yake akapanga matawi mabichi barabarani ili wanaokuja wajue mbele kuna gari bovu.

Madereva waliopita walikuwa na dawa tele. "Tia maji!" akapaza sauti mmoja. "Ng'oa themostati, tupa!" akasema mwingine. Ushauri huo wa themostati utausikia kila gereji, na mimi siupendi hata kidogo. Kile kifaa hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, yakaenda kwenye rejeta kupoa. Ukikiondoa, injini huchelewa kupata joto lake la kazi na huchakaa mapema. Na katika injini nyingine maji hupata njia ya mkato, yakazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kuchemsha kukazidi.

Utingo naye alikwisha kushika kitambaa, mkono unaelekea kwenye kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono, mwanangu!" dereva akamwambia kwa ukali.

Sikilizeni vizuri hapa, maana watu wameungua nyuso kwa kosa hili moja. Kifuniko kile kinabana presha. Maji yaliyobanwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 110 za Selsiasi yakiwa bado hayajachemka. Ukifungua, presha inakatika na maji yanageuka mvuke papo hapo, yanakurukia. Tena kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hivyo kifuniko kilichochoka, kilichokuvumilia Dar es Salaam, kinaweza kukuumbua huku.

Dereva hakuzima injini mara moja. Alitazama tangi la akiba la plastiki, akaona maji yapo kwenye alama. Kama yangekuwa yamevuja yote, angezima hapohapo. Kwa kuwa yapo, aliiacha iungurume taratibu ili maji na oili viendelee kuzunguka na kubeba joto. Maji ya baridi hakuruhusu yamwagwe juu ya injini, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niwaite hapa leo: "Kipi kilianza, joto au kukosa nguvu?"

Mbona swali hilo lina uzito? Ndani ya silinda mafuta huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 2,000, na alumini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Injini inapona kwa sababu maji na oili havikomi kuondoa joto. Pampu ya maji ikifa, mkanda wa feni ukiteleza, rejeta ikizibwa na tope na wadudu, mshale hutangulia kupanda. Nguvu hufuata kupotea, pistoni zikitanuka na kukwaruza, au gasketi ya silinda hedi ikiungua. Kwenye malori mapya kompyuta ikiona joto limezidi hupunguza mafuta yenyewe ili kuiokoa injini, na dereva huona nguvu zimekatika ghafla. Huko nako joto ndilo limetangulia.

Utingo akafikiri. "Nguvu, mzee. Kwanza nilisikia pu! chini ya kabini, nikadhani tairi limerusha jiwe. Hapohapo gari likachoka, moshi ukawa mweusi. Mshale ulipanda baadaye."

Dereva akatabasamu. Hata hivyo hakurukia jibu. Alizunguka lori lote, akisogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Breki iliyoshika ingeweza kuifanya injini ihangaike hivyohivyo, lakini hapakuwa na gurudumu lililozidi mengine kwa joto. Akarudi kabini.

"Inamisha sikio. Nakanyaga mafuta."

Shuuu! Hewa ilikuwa inatoka mahali.

Hewa hiyo ni ya tabo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905: moshi unaotoka uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo lisukume hewa nyingi kuingia kwenye silinda. Hewa nyingi inachoma mafuta mengi, ndipo lori linapanda na saruji yake. Hewa ikivuja njiani, mafuta yanakosa hewa ya kutosha: nguvu zinashuka, masizi yanatoka meusi, na moshi unazidi kuwa wa moto. Ukimlazimisha mnyonge huyo apande mlima, mwendo wa kusuasua, upepo haba kwenye rejeta, lazima achemshe.

Walizima, wakasubiri mpaka rejeta ikashikika kwa mkono. Utingo akapenya chini na tochi. Mpira mkubwa mweusi unaotoka kwenye tabo ulikuwa umechomoka, klipu yake imelegea na kuning'inia. Haukuwa umechanika. Akaufuta oili ndani na nje kwa kitambaa kikavu, akausukuma mpaka mwisho, akakaza klipu kwa bisibisi.

Dereva akawasha, akakanyaga. Hakuna shuuu. Utingo akaokota pembetatu na matawi yote, la mwisho pia, akang'oa gogo lori lilipoanza kuvuta, akaurukia mlango.

Walipofika Ilula, wauza nyanya wakawazunguka, lakini dereva alichomoa kwanza kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ingemwambia kwamba maji yameingia na gasketi imekwisha. Ilikuwa nyeusi, safi. Akampa utingo hela ya klipu mpya mbili, wazinunue Iringa: moja ya kufunga, moja ya kuweka kwenye kisanduku cha spana.