Mvi za bampa

Toyota Probox ikishuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, bampa lake huwa jeusi. Miaka mitatu minne ya kulala nje na kushinda juani, bampa lile lile limegeuka rangi ya jivu la mkaa. Bodi bado inang'aa, injini haina kelele, lakini gari linaonekana kikongwe kwa sababu plastiki zake zimeota mvi. Wenye RAV4 za mwanzo, zile zilizoanza kutoka mwaka 1994 zikiwa na plastiki pana kuanzia bampa la mbele, juu ya matairi, hadi nyuma, wanalifahamu tatizo hili vizuri zaidi: kwao karibu theluthi ya gari ndiyo inayopauka.

Plastiki hizo hazikuachwa bila rangi kwa kusahaulika. Zamani bampa lilikuwa chuma cha kromu, na kila kugusana kuliacha kibonyeo. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa Renault 5, gari dogo la mjini lenye mabampa ya plastiki, na wengine wakafuata njia hiyo. Plastiki isiyopakwa rangi ni nafuu kuitengeneza, na mkwaruzo wake hauonekani sana kwa kuwa weusi umechanganywa ndani kwa ndani. Ndiyo maana gari la kazi la bei ya chini hupewa bampa jeusi, na toleo lake la bei ya juu hupewa bampa lenye rangi ya bodi. Baadaye watengenezaji walibaini pia kwamba plastiki nyeusi ikizungushwa chini ya bodi, gari la kwenda sokoni hufanana na gari la kwenda mbugani. Huo ni urembo, na bili ya urembo huo tunailipa sisi wanunuzi wa pili na wa tatu.

Ukilala chini ya gari ukachungulia nyuma ya bampa, utaona herufi zilizochongwa katikati ya alama mbili za mshale. Mara nyingi huanza na PP, yaani polipropilini, plastiki iliyopatikana Milano mwaka 1954 katika maabara ya Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia na Karl Ziegler wa Ujerumani. Baada ya PP hufuata EPDM, ambao ni mpira uliochanganywa humo ili bampa lisipasuke linapogongwa. Kisha huenda ukakuta TD20, maana yake asilimia 20 ya uzito wake ni talki, unga ule ule wa poda ya mtoto, uliowekwa kuipa plastiki ugumu. Weusi wenyewe ni masizi ya kaboni, na huhitajika kidogo tu. Masizi hayo yana kazi ya pili muhimu kuliko rangi: hunyonya miale ya urujuanimno kabla haijazama ndani.

Polipropilini ina udhaifu wa kimaumbile. Miale ya urujuanimno ikiigonga, minyororo mirefu ya molekuli zake hukatika, oksijeni huingia kwenye mikato, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiwandani huwekwa kemikali za kuzuia uharibifu huo, lakini nguvu yake hupungua mwaka hadi mwaka. Tabaka la juu hukakamaa, likapasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na talki iliyokuwa imefunikwa ikabaki wazi. Ukipitisha kidole juu ya bampa lililochakaa sana, sehemu ya weupe unaobaki kidoleni ni unga huo. Nyufa zenyewe hutawanya mwanga kila upande, na jicho linaona kijivu.

Jua letu halina huruma katika jambo hili. Kule Japani yanakotoka magari haya, Tokyo iko nyuzi 35 na ushei kaskazini ya ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba, jua la saa sita na ushei husimama utosini kabisa. Gari lenyewe halikuja jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo wengi huagiza la miaka 7, na kinga iliyotiwa kiwandani imekwisha kuliwa kwa sehemu kubwa kabla meli haijang'oa nanga.

Sasa fanya jaribio ambalo halikugharimu hata shilingi. Chukua kitambaa kilicholowa, pitisha juu ya plastiki iliyopauka. Weusi unarudi papo hapo. Subiri dakika chache maji yakauke, kijivu kimerudi. Maji yamejaza nyufa, mwanga ukapita bila kutawanyika, na masizi yaliyo chini yakaonekana. Hayakwenda popote. Mimi nadhani kila anayeuza au kununua dawa ya plastiki angeanza na jaribio hili, kwa sababu dawa nyingi zilizo sokoni ni maji yanayochelewa kukauka, basi.

Kwenye sehemu za kuoshea magari utaulizwa mwishoni: “Bosi, nimalizie na plastiki?” Ukikubali, sponji linatoka na polishi ya tairi, ambayo kwa kawaida ni mafuta ya silikoni. Gari linaondoka hapo likimeremeta kama limetoka baharini. Mafuta yale hayajashika popote; yamekaa juu tu. Barabara yenye vumbi inayashikisha mchanga, mvua ya kwanza inayachuruza kwenye rangi ya mlango, na wiki haijaisha umesharudi kulipa tena. Kwa gari la arusi si hoja. Kwa gari la kila siku ni kulipia unyevu.

Kiwi ya viatu ina wafuasi wake pia, na inatia weusi kweli, kwa kuwa ni nta yenye rangi. Tatizo ni kwamba bampa huguswa: na magoti ya anayefungua buti, na nguo za mtoto anayepita. Juani inalainika na kuhamia kwenye sketi. Wapo wanaopaka siagi ya karanga, na siwezi kuwazuia, ila mafuta yakishaondoka utabaki na bampa la kijivu linalonukia kashata.

Dizeli na oili chafu ni suala jingine, na hapa sina mzaha. Ule mpira wa EPDM ulio ndani ya plastiki hauelewani na mafuta ya petroli. Huyanyonya, ukavimba na kulegea. Kinachong'aa leo kinaharibiwa kutoka ndani. Thina ni hatari zaidi kwa vipande visivyo polipropilini: baadhi ya vitasa na makava ya vioo vya pembeni ni plastiki ya ABS, ambayo thina huiyeyusha mbele ya macho yako.

Kabla ya kupaka chochote, hakikisha unachokiona ni uchakavu na si uchafu. Katika miji ya pwani visima vingi vina maji ya chumvi, na gari linalooshwa kwa maji hayo kisha likaachwa lijikaushe lenyewe hubaki na utando mweupe kwenye plastiki. Siki iliyochanganywa na maji, brashi, na maji safi ya kusuuzia huuondoa mara nyingi. Weupe mwingine huletwa na polishi ya bodi. Fundi anaing'arisha fenda, sponji linateleza hadi kwenye plastiki ya pembeni, na polishi inakwama ndani ya vinyweleo vyake. Ikikauka inakuwa mistari myeupe ambayo kitambaa hakiitoi. Hapo panahitaji brashi laini, maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na spiriti kidogo kwenye kitambaa kwa madoa sugu. Mafundi wazuri hubandika tepu ya karatasi kwenye ukingo wa plastiki kabla ya kugusa polishi. Ukimkuta fundi wa namna hiyo, mhifadhi.

Uoshaji huo ndio kazi yenyewe, hata kama hauna mvuto. Dawa iliyopakwa juu ya silikoni ya wiki iliyopita haishiki plastiki, inashika silikoni, na itaondoka nayo. Sugua kwa sabuni, suuza, rudia mpaka povu libaki jeupe. Futa kwa spiriti. Kisha nyunyiza maji: yakijikusanya matone na kuteleza, bado kuna mafuta, yakitandaa, plastiki iko wazi. Iache ikauke kabisa, na kwa vile maji hujificha kwenye vinyweleo na kwenye maungio, saa chache kivulini si nyingi.

Ipo njia ya moto, na ndiyo inayopendwa kwenye video kwa sababu matokeo yake yanaonekana kama uchawi. Fundi anapitisha mashine ya kupuliza hewa ya moto, na kijivu kinageuka cheusi nyuma ya mkono wake. Wengine husema mafuta ya ndani yamepanda juu. Linaloeleweka zaidi ni kwamba polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kidogo, na tabaka la juu linapolainika, nyufa hufungana. Weusi huo ni wa kweli, si wa kupaka. Lakini kinga ya kiwandani haikurudi pamoja nao, kwa hiyo jua litaanza upya na safari hii litamaliza kazi mapema zaidi. Mashine hizo hupuliza hewa yenye nyuzijoto mamia kadhaa. Mkono ukisita sehemu moja, bampa linapinda au vinyweleo vyake vinalainika na kuacha kipande kinachong'aa katikati ya visivyong'aa, na hicho hakirekebishiki. Rangi ya bodi iliyo jirani huvimba, kioo cha mbele kinaweza kupasuka. Kwa kipande kidogo kinachofunguka na kuwekwa mezani, na kwa mkono uliozoea, naiona njia halali. Kwa bampa zima lililo kwenye gari, hapana.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya maseremala, yana tofauti moja na mafuta mengine: hayabaki majimaji, hugeuka utando mgumu yanapokutana na hewa. Utando huo hudumu kuliko silikoni. Pia hunata vumbi ukipakwa mzito. Hatari yake kubwa iko kwenye kitambaa: tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye kona ya gereji hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au litumbukize kwenye maji.

Kinachofaa zaidi kwa mtu wa kawaida ni dawa zinazoganda: zile zenye rangi na utomvu unaokakamaa, au zile zinazouzwa kwa jina la seramiki, zenye asili ya silika. Bei yake ni mara kadhaa ya polishi ya tairi, lakini hukaa miezi, si siku. Chupa ikiahidi miaka, ujue hesabu hiyo haikufanywa kwa gari linaloegeshwa nje Tanga. Paka nyembamba, kivulini, plastiki ikiwa baridi, na ufute ziada kabla haijakauka, la sivyo utapata madoa yasiyofanana.

Kupiga rangi kabisa nako kunawezekana, ila polipropilini haipendi kushikwa na rangi. Viwandani huipitishia mwali wa moto juu juu ili ikubali rangi. Mtaani inatakiwa msasa, kisha praima maalumu ya plastiki, kisha rangi inayonyumbulika. Fundi akiruka praima, ndani ya miezi rangi itabanduka kwa vipande vikubwa kila jiwe linaporuka, na bampa la madoadoa ni baya kuliko la kijivu. Uliza kuhusu praima kabla ya kuuliza bei.

Wanaonunua gari yadi wanajua kwamba kila kitu huko kinang'aa. Chukua karatasi laini nyeupe, futa plastiki ya mlango kwa nguvu. Ikitoka na weusi au mafuta, imepakwa karibuni. Hilo si kosa, gari la kuuzwa lazima lipambwe. Ila linakupa sababu ya kuinama na kuangalia sehemu ambazo sponji halikufika: chini ya keria, nyuma ya kibao cha namba, ukingoni mwa boneti.

Kipande cha kuchunguza kuliko vyote ni kile kirefu kilicho chini ya wipa, mbele ya kioo. Kimelala, kwa hiyo jua la utosini hukipiga chote, na joto la injini hukifikia kutoka chini. Hicho ndicho huanza kupauka na ndicho hupasuka mapema. Kikiwa kimepauka tu, dawa inayoganda itakisaidia. Kikiwa na nyufa unazoziona kwa macho, au kinavunjika pembeni ukikibonyeza, usikitilie dawa yoyote, kwa sababu maji ya mvua yatapita hapo kwenda kwenye vifaa vilivyo chini yake. Kinapatikana kilichotumika Gerezani kwa walio Dar es Salaam, na Grogan kwa walio Nairobi. Nenda na cha zamani mkononi ulinganishe, maana matoleo ya gari moja hutofautiana, na ununue klipu zake papo hapo. Za zamani zimepigwa na jua lile lile na zitavunjika zikichomolewa.