Samaki wa bahari akifa siku ya pili: pima maji kabla hujakimbilia dawa

Leo zamu ya wanaouza samaki wa mapambo mtandaoni, hasa wale wa maji chumvi: samaki wa Nemo, vipepeo, kangaja. Ukiwa Tanga mjini bahari iko mlangoni. Ukiwa Makuyuni (yetu ya Korogwe, siyo ile ya Monduli) maji ya bahari yanakufikia kwa madumu, samaki wanakuja kwenye mifuko, na mteja wako pengine yuko Moshi au Arusha, ina maana wanapanda basi tena. Huko njiani na siku mbili za mwanzo ndipo hela inapopotea.

Ujumbe wa mteja unakuwaga hivi: "Amefika mzima, anaogelea vizuri, asubuhi nimemkuta amekufa." Muuzaji anaanza kutafuta dawa ya kuwapa waliobaki. Ngoja kwanza. Samaki anayekufa ndani ya saa 24 mara nyingi hakuwa na ugonjwa, ameuawa na maji.

Inakuwa hivi. Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki anatoa amonia, na pia anatoa hewa chafu, kaboni dayoksaidi. Hiyo kaboni inayafanya maji yawe na asidi kidogo, na kwenye asidi amonia inapoa makali. Kwa hiyo samaki anaweza kusafiri saa nyingi ndani ya maji machafu na bado akafika anapumua. Sasa mteja anafungua mfuko. Kaboni inatoka, asidi inapungua, na amonia yote iliyokuwa imelala inageuka sumu ndani ya dakika chache. Halafu mteja, kwa nia njema kabisa, anamwacha samaki humo humo huku akidondosha maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa mbili, maana ndivyo alivyoona kwenye video. Anampika polepole.

Ushauri huo wa kudondosha haufai kwa safari ndefu. Kwa samaki aliyesafiri saa nyingi, mwelekeze mteja hivi: mfuko uelee kwenye tangi dakika 15 hadi 20 bila kufunguliwa, joto lilingane. Afungue, amtoe samaki kwa kikombe au wavu laini, amtie kwenye maji masafi. Maji ya mfuko yamwagwe nje, yasiingie kwenye tangi. Jambo moja tu lazima mkubaliane kabla ya kutuma: chumvi. Pima ya kwako kwa hidromita na umwambie namba. Bahari yetu iko karibu na 1.025. Kama mfuko una 1.022 na tangi lake lina 1.026, ayapunguze ya kwake kwanza, kwa sababu samaki huvumilia kushuka kwa chumvi kuliko kupanda ghafla. Na chumvi ya jikoni haitengenezi maji ya bahari, hata ukiipima ikafika namba hiyo hiyo. Bahari ina magnesi, kalsiamu na vingine ambavyo chumvi ya kupikia haina.

Kwako nyumbani, amonia iwe sifuri. Siyo "kidogo tu", sifuri. Kipimo cha matone kinakupa jibu kwa dakika chache, na kama huna, hiki ndicho cha kununua kabla ya chupa yoyote ya dawa. Joto liwe 25 hadi 27. Mchana wa Makuyuni unajua wenyewe. Maji yakipita 30 hewa inapungua, samaki wanapanda juu kuhema, na watu wanasema wanaumwa. Ongeza pampu ya hewa, weka ndoo kivulini.

Haya, maji umepima, yako sawa, samaki bado hali. Sasa mwangalie.

Akiwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, unavyoweza kuvihesabu, na anajisugua kwenye mawe, huyo ana ugonjwa wa madoa meupe. Ukitafuta dawa andika jina la kimelea: Cryptocaryon. Kangaja ndio wateja wake wakubwa. Huu ugonjwa una mtego ambao muuzaji lazima aujue. Kimelea kinakaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha kinadondoka, kinajifungia chini ya tangi, na baadaye kinatoa watoto wengi wanaorudi kumtafuta samaki. Kwa hiyo vidoa vinapotea VYENYEWE. Unasema amepona, unampiga picha, unamuuza. Wiki mbili baadaye tangi zima la mteja limejaa vidoa, pamoja na samaki aliowalea miaka. Huyo mteja hatarudi, na ana haki.

Njia nafuu kwa mtu wa ndoo ni kuhamisha. Andaa ndoo mbili kubwa, kila moja na vifaa vyake. Mweke samaki kwenye ndoo ya kwanza yenye maji mapya ya bahari. Kabla saa 72 hazijaisha mhamishie ya pili, kisha ya kwanza ioshe na uikaushe kabisa juani, pamoja na wavu na bomba la hewa. Fanya hivyo mara nne mfululizo. Vimelea vilivyodondoka vinabaki kwenye ndoo na kufa kabla havijapata nafasi ya kumrudia. Dawa hakuna, ila maji mengi na nidhamu. Lisha kidogo maana ndoo haina chujio, na endelea kupima amonia.

Akiwa na kitu kama vumbi la dhahabu, laini kiasi kwamba unaliona kwa tochi ya pembeni tu, anahema haraka na anajibanza panapotoka maji ya pampu, hiyo ni Amyloodinium. Hapa usisubiri, inaua ndani ya siku chache, na kuhamisha ndoo hakutoshi. Inahitaji dawa ya kopa, kwenye chombo cha peke yake. Kopa inaua matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo kamwe isiingie kwenye tangi la maonyesho. Fuata kipimo cha kibandiko na uwe na kifaa cha kupima kopa: ikiwa chini haiponyeshi, ikizidi inaua. Wale wa kutumbukiza waya wa shaba, jamani, acheni.

Kama huna uhakika, mwogeshe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Yawe hayana klorini, joto sawa na la tangi, umetia bekingi soda kidogo ili yasiwe na asidi, na hewa inapuliza. Dakika 3 hadi 5, ukisimama hapo hapo. Akilala ubavu na kuacha kuhema vizuri, mtoe. Kama ana minyoo bapa utaiona ikidondoka, myeupe kama magamba madogo. Kwa mwenye vumbi la dhahabu inampa nafuu ya muda tu.

Mapezi yaliyochanika au jicho moja lenye ukungu mara nyingi ni jeraha la wavu. Maji safi yanatosha. Kapsuli za binadamu msimwage ndooni.

Kibiashara: samaki mpya asipostiwe kabla ya wiki nne. Najua hela imelala, basi iweke kwenye bei. Siku ya kutuma, rekodi video akila, umwambie mteja tarehe aliyoingia kwako na chumvi uliyopima. Na makubaliano ya kurudisha pesa yaandikwe kabla ya malipo: akifika amekufa, apigwe video ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya saa moja tangu basi lifike.